Kwa Nini Gamba la Kobe Huota Nundu?

Tuseme kobe wawili wameanguliwa siku moja, kutoka katika kiota kimoja, kwenye miombo iliyo karibu na Kitanga, wilayani Kasulu, wakati mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Mmoja alibaki porini. Wa pili aliokotwa na mtoto aliyekuwa akitoka kuteka maji, akapelekwa nyumbani na kufugwa uani. Uwanja ule ulifagiliwa kila asubuhi, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye heshima. Kobe alipewa majani ya kabichi, maharage yaliyobaki chunguni na ukoko wa ugali. Hakupigwa wala hakulazwa na njaa. Watoto wa nyumba ile walimpenda.

Baada ya miaka mitano, tukiwaweka kobe hawa juu ya meza ya maabara, hata mtu ambaye hajapata kusoma elimu ya wanyama atatambua tofauti yao. Gamba la yule wa porini limejikunja vizuri kama kawa iliyofunikwa juu ya sahani. Gamba la yule wa uani limeinuka nundu nundu: kila kigae kimekuwa kilima, na kati ya kilima na kilima pana bonde. Kobe wa pili alikula akashiba, naye huenda ni mkubwa kuliko mwenzake. Ni kitu gani basi kilichomharibu umbo?

Swali hili limewashughulisha wafugaji wa kobe na waganga wa mifugo katika nchi nyingi kwa muda mrefu. Jibu lililotolewa zamani lilikuwa fupi: chakula. Jibu linalotolewa leo ni pana zaidi, na namna lilivyopatikana ni somo zuri kwa kila mwanafunzi anayetaka kujua jinsi sayansi inavyojisahihisha. Katika makala haya tutaeleza gamba ni nini, nundu hutokea vipi, na mtu aliyekabidhiwa kobe mchanga afanye nini ili akue na umbo lake la asili.

GAMBA NI NINI?

Watu wengi hulidhani gamba la kobe kuwa ni nyumba ambayo mnyama ameingia ndani yake, kana kwamba angeweza kutoka akitaka. Sivyo. Gamba ni sehemu ya mwili wa kobe kama vile kifua kilivyo sehemu ya mwili wetu. Mbavu na uti wa mgongo wa kobe vimeungana na vibapa vya mfupa, na vibapa hivyo vimeshikamana hata vikafanya kuba moja ngumu. Mfupa huo una damu na neva. Kwa hiyo mtu anayetoboa ukingo wa gamba ili apitishe kamba ya kumfungia kobe, humtoboa mnyama aliye hai mfupani mwake, naye huumia.

Juu ya mfupa lipo tabaka jembamba la keratini. Hii ni ile ile dutu inayofanya kucha na nywele zetu, na kwato na pembe za ng'ombe. Tabaka hili limegawanyika katika vipande tunavyoweza kuviita vigae. Katikati ya mgongo wa kobe wa kawaida huwa pana vigae vitano vilivyofuatana kutoka shingoni hadi mkiani. Kila ubavu una vigae vikubwa vinne. Na ukingo wote umezungukwa na vigae vidogo vidogo.

Sasa tuangalie jinsi gamba linavyokua, maana hapo ndipo penye ufunguo wa habari yetu. Nyoka akikua hujivua ngozi yote kwa mara moja. Kobe wa nchi kavu hafanyi hivyo. Kila kigae huongezeka upana kwa kutiwa keratini mpya pembezoni mwake, kwenye mifereji inayokitenga na vigae vya jirani. Keratini mpya huonekana kama pete iliyozunguka pete ya zamani. Sehemu ya katikati ya kigae ndiyo kongwe kuliko zote: kwa kawaida ni ile ile aliyoanguliwa nayo kobe.

Kutokana na pete hizi watu husema kwamba umri wa kobe huweza kuhesabiwa kama umri wa mti. Kauli hii haina budi kupokelewa kwa tahadhari. Pete hufuata vipindi vya kukua na vya kusimama kukua, na katika mwaka mmoja vipindi hivyo huweza kuwa zaidi ya kimoja. Tena katika kobe mzee pete husuguliwa na mchanga na mawe hata zikafutika. Jambo ambalo pete hutuambia kwa hakika ni hili: kila kipindi cha ukuaji kimeandikwa mahali pake juu ya gamba, na kikisha kuandikwa hakiandikwi upya. Ikiwa pete za utotoni zilipanda juu badala ya kuenea kando, mlima uliofanyika utabaki hapo hapo maisha yote ya mnyama.

Na maisha hayo si mafupi. Kobe mkubwa aitwaye Jonathan alifikishwa katika kisiwa cha Mtakatifu Helena mwaka 1882 akiwa tayari mzima, na alikuwa bado hai katika karne hii ya 21. Kosa la miezi michache ya malezi huweza kubebwa mgongoni kwa zaidi ya miaka mia.

NUNDU NI NINI, NA SI NINI

Nundu tunazozizungumzia hutokea pale kila kigae kinapoinuka kama piramidi: pete zimepangana moja juu ya nyingine, na kilele kipo katikati. Mfupa ulio chini hufuata umbo hilo. Nundu ndogo huweza kuwa dosari ya sura tu. Zikizidi, gamba zima hupotoka. Mara nyingi nundu ni ishara kwamba katika maisha ya mnyama huyo lipo jambo ambalo halikwenda sawa.

Ni muhimu kutenganisha hali hii na maradhi mengine. Gamba la kobe mchanga likibonyea kwa kidole kuliko inavyostahili umri wake, au likapinda ukingoni, tatizo huenda ni upungufu wa kalisi au wa vitamini D, yaani maradhi yanayofanana na matege kwa watoto wa binadamu. Gamba linalotoa harufu mbaya au lenye madoa yanayooza limeingiwa na bakteria au kuvu. Kobe mmoja huweza kuwa na nundu na matege pamoja, lakini sababu za hali hizo mbili si lazima ziwe moja.

Vilevile, si kila gamba lenye vilima ni gamba bovu. Wapo kobe ambao vigae vyao huinuka kwa asili, kama kobe-nyota wa Bara Hindi na baadhi ya kobe wadogo wa Afrika Kusini. Ndiyo sababu mchunguzi hana budi kwanza kumjua kobe aliye mbele yake ni wa aina gani na jamaa zake wa porini wanafananaje, kabla hajasema kwamba ameharibika.

DHANA YA CHAKULA

Kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji vilieleza kwamba nundu husababishwa na protini nyingi. Dhana hii ilikuwa na mantiki yake. Kobe wengi wa nchi kavu hula nyasi na majani, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Kobe aliyefugwa hupewa vyakula vya binadamu, hata vya mbwa na paka, hunenepa na kukua upesi, kisha huota nundu. Ikadhaniwa kwamba protini imezidi na keratini ikazidi pia, hata vigae vikafura.

Kwamba kobe wa kufugwa hukua upesi ni kweli. Utafiti wa J. Ritz na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulilinganisha kobe wenye madoa kama ya chui, Stigmochelys pardalis, wa porini na wa kufugwa, ukaonyesha kwamba wa kufugwa walikua kwa kasi zaidi. Lakini kasi ya kukua na kuota nundu ni mambo mawili, na mambo mawili yanayoonekana pamoja si lazima moja liwe sababu ya jingine. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jua halichomozwi na jogoo.

Tena upo ushahidi ulio karibu nasi ambao ungepaswa kututia mashaka. Katika nyika na miombo ya Afrika Mashariki na ya kusini, nchi za Tanzania na Burundi zikiwamo, huishi kobe aitwaye Kinixys spekii. Mtaalamu J. E. Gray alimpa jina hilo mwaka 1863 kwa heshima ya John Speke, msafiri aliyefika Ujiji mwaka 1858. Kobe huyu anajulikana kwa bawaba aliyo nayo nyuma ya gamba, ambayo humwezesha kujifunga asishikwe miguu. Chakula chake si majani peke yake. Hula uyoga, konokono, jongoo na mbawakawa, vyakula ambavyo vina protini kuliko nyasi. Hata hivyo gamba lake porini ni bapa na halina milima. Kweli kila aina ya kobe ina tumbo lake, na hatuwezi kutoa hukumu kwa aina moja juu ya nyingine. Lakini mfano huu unatosha kuonyesha kwamba neno "protini" peke yake halimalizi maneno.

JARIBIO LA VIENNA

Njia ya kukata shauri ni kufanya jaribio. Mwaka 2003 watafiti wawili wa mjini Vienna, nchini Austria, C. S. Wiesner na C. Iben, walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Walichukua kobe 50 waliokuwa wameanguliwa karibuni, wakawalea kwa muda wa miezi mitano katika makundi mbalimbali. Mazingira ya makundi hayo yalitofautiana kwa mambo mawili tu: unyevu wa hewa na kiasi cha protini katika chakula. Baada ya hapo walipima urefu wa nundu.

Kobe waliochaguliwa walikuwa wa aina ya Centrochelys sulcata, ambao makao yao ni ukanda mkavu wa Sahel ulio kusini ya jangwa la Sahara. Mtu angetarajia kwamba mnyama wa nchi kame kama hiyo atastawi vizuri zaidi katika hewa kavu. Matokeo yalikuwa kinyume. Makundi yaliyolelewa katika hewa kavu, ambayo unyevu wake ulibadilika kati ya asilimia 24.3 na 57.8, au kati ya 30.6 na 74.8, yaliota nundu ndefu kuliko kundi lililolelewa katika unyevu wa asilimia 45 hadi 99. Protini nayo ilikuwa na athari, lakini ilikuwa ndogo ikilinganishwa na athari ya unyevu.

Mwanafunzi aangalie jinsi jaribio hili lilivyopangwa. Yule mtoto wa Kitanga alibadilisha mambo mengi kwa pamoja alipomchukua kobe wake: chakula, udongo, kivuli, joto na maji. Kutokana na kobe wake mmoja hatuwezi kujua ni badiliko lipi lililoleta nundu. Watafiti walibadilisha mambo mawili na kuyaacha mengine yakae sawa, wakatumia kobe wengi badala ya mmoja. Hiyo ndiyo tofauti ya tukio na jaribio.

Lakini pia tusiitwishe kazi hii mzigo isiyoweza kuubeba. Kobe walikuwa wa aina moja, na muda ulikuwa miezi mitano. Jaribio halikusema kwamba chakula hakina maana. Lilichosema ni kwamba mfugaji anayepunguza protini huku akimwacha kobe mchanga katika hewa kavu amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

UNYEVU HUFANYA KAZI GANI?

Chukua ukucha wako uutazame baada ya kufua nguo kwa muda mrefu. Utaona umelainika na unapindika kwa urahisi. Uangalie tena siku ya kiangazi yenye upepo: ni mgumu na huvunjika. Keratini ya ukucha hubadilika kwa kadiri ya maji iliyonywa, na keratini ya kobe ni ndugu yake.

Maelezo yanayopendekezwa na wengi leo yanaanzia hapo. Keratini changa inayotokea mferejini kati ya vigae ikiwa na unyevu hubaki laini, nayo huenea kando kadiri mfupa unavyopanuka. Ikikauka mapema huwa ngumu kabla ya wakati wake. Pete inayofuata, ikikuta ukingo uliokakamaa, haipati nafasi ya kuenea, bali hujipanga chini yake. Na kwa kuwa mnyama anaendelea kukua, kigae hulazimika kuinuka. Mfupa ambao bado ni mchanga hufuata. Jambo hili likirudiwa pete baada ya pete, bonde huzidi kuwa bonde na kilele huzidi kuwa kilele.

Lakini msomaji atauliza: kama hewa kavu ndiyo adui, mbona kobe wa Sahel na kobe wa nyika zetu wakati wa kiangazi hawaharibiki? Jibu ni kwamba kobe mchanga wa porini haishi katika hewa ile tunayoivuta sisi tuliosimama. Katika nyanda za juu za Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Majira hayo ndiyo ya majani mabichi, na ndiyo majira ambayo kobe mchanga hula na kukua. Kiangazi kinapofika, kati ya Juni na Septemba, kobe hutembea kidogo, hula kidogo na hukua kidogo. Hujificha chini ya mashina ya nyasi, ndani ya majani makavu yaliyorundikana, au katika mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine, mahali ambapo hewa ina unyevu zaidi kuliko nje. Kobe wa Sahel hufanya vivyo hivyo katika mashimo anayoyachimba mwenyewe.

Kwa hiyo porini mambo mawili hukaa pamoja: kukua na unyevu. Uani mwa nyumba mambo hayo hutenganishwa. Kobe hulishwa mwaka mzima, naye hukua mwaka mzima, hata mwezi wa Agosti wakati vumbi limetanda na hakuna hata ubua wa nyasi wa kujifichia. Ufagio, ambao ni rafiki wa afya ya nyumba, umemwondolea maficho yake.

KAZI KWA DARASA

Tofauti ya unyevu kati ya uwanja na maficho huweza kupimwa na shule yoyote yenye vipimajoto viwili, bila kumsumbua kobe hata mmoja. Zungusha kitambaa safi cha pamba kwenye kibofu cha kipimajoto kimoja, na ncha ya kitambaa itumbukizwe katika kichupa cha maji ili kibaki kibichi. Kipimajoto cha pili kiachwe kikavu. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto, hivyo kipimajoto kibichi huonyesha joto dogo kuliko kikavu. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka upesi na tofauti huwa kubwa; hewa ikiwa na unyevu mwingi, tofauti huwa ndogo.

Tuseme saa nane mchana, mahali penye kivuli kando ya uwanja uliofagiliwa, kipimajoto kikavu kinaonyesha digrii 28 za Selsiasi na kibichi digrii 18. Jedwali la unyevu litatupa karibu asilimia 38. Tuseme kisha tumepeleka vyombo vyetu chini ya rundo la nyasi lililonyunyiziwa maji asubuhi, tukakuta digrii 24 na digrii 22. Hapo unyevu ni karibu asilimia 85. Hatua chache tu zinatenga mahali hapo pawili, lakini kwa kobe mwenye urefu wa kidole hizo ni nchi mbili zenye tabianchi mbili.

Wanafunzi wapime mahali pengi: uwanjani, chini ya mgomba, katika shimo, karibu na mtungi wa maji, asubuhi, mchana na jioni, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Waandike matokeo katika jedwali na kuchora grafu. Watajifunza kwamba "hali ya hewa ya Kasulu" inayotajwa katika kitabu cha jiografia ni wastani tu, na kwamba kila kiumbe huishi katika hali ya hewa ya pale alipo.

JINSI YA KUKINGA

Nundu zikisha kuota haziondoki. Hakuna dawa ya kupaka, mafuta wala rangi itakayozisawazisha. Rangi na mafuta huziba gamba na kukusanya uchafu. Kinachowezekana ni kusawazisha pete zitakazoota baadaye, na kwa kobe mchanga ni kuzuia tangu mwanzo. Anayemlea kobe kwa idhini ya sheria na azingatie haya.

Kwanza, ampe maficho yenye unyevu. Nusu ya chungu kilichovunjika, ikilazwa kifudifudi juu ya udongo uliolowanishwa na kutiwa majani makavu juu, inatosha. Udongo uwe na unyevu kama wa shamba siku moja baada ya mvua, usiwe tope. Kobe aweze kuingia na kutoka kwa hiari yake, apate na mahali pakavu pa kuota jua.

Pili, ampe maji. Maji ya kunywa yawepo kila siku katika chombo kipana kisicho na kina. Wakati wa kiangazi kobe mchanga awekwe mara kadhaa kwa juma katika maji ya uvuguvugu yasiyopita ukingo wa chini wa gamba, kwa muda wa dakika 15 hadi 20, naye aangaliwe muda wote asije akapinduka na kuzama.

Tatu, unyevu uandamane na joto. Hapa ndipo wengi hukosea. Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu ni wa baridi, na kobe aliyelala katika tope baridi huweza kupata ugonjwa wa mapafu au gamba lake likaoza. Unyevu bila joto ni hatari nyingine badala ya kinga.

Nne, apate jua la moja kwa moja, hasa la asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia. Miali ya urujuanimno iliyomo katika jua humwezesha kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalisi ya chakula haifiki mfupani. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huzuia sehemu kubwa ya miali hiyo.

Tano, chakula kifanane na cha porini. Kwa kobe wala majani, sehemu kubwa iwe nyasi na magugu ya aina nyingi, kama vile mchunga. Maharage, mahindi na ugali vina fosforasi nyingi kuliko kalisi, jambo linalozuia mfupa kujengeka vizuri; si chakula cha kobe. Majani ya muhogo mabichi yana sumu na yaepukwe. Maganda ya mayai yaliyosafishwa, kukaushwa na kusagwa huongeza kalisi yakinyunyizwa kidogo juu ya majani. Kobe mwenye bawaba nyuma ahitaji pia uyoga anaoujua, konokono na wadudu.

Sita, asiharakishwe kukua. Kobe si nguruwe wa kunenepeshwa. Chakula chake kimshughulishe kutafuna na kutembea.

JE, NI HALALI KUMFUGA?

Swali hili limekuja mwishoni, lakini kwa haki lingekuwa la kwanza. Katika Tanzania wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumweka mnyama wa porini bila kibali. Makala haya basi si mwaliko kwa shule kwenda kuokota kobe. Mwalimu atakayeletewa kobe na wanafunzi na aulize alipookotwa, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Aliyekwisha kukaa muda mrefu na watu asiachiwe ovyo porini, kwa maana huweza kupeleka maradhi kwa wenzake.

Historia ya kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, inatufundisha uzito wa jambo hili. Mwaka 1919 kobe wanne wakubwa wa Aldabra walipelekwa huko kama zawadi kutoka Shelisheli. Walizaana hata kufikia mwaka 1955 wakawa karibu 200. Kisha walianza kuibwa, wengine wauzwe ng'ambo kama wanyama wa kufugwa, wengine waliwe. Mwaka 1996 walibaki saba tu. Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ilijenga uzio wa kuwahifadhi, na kufikia mwaka 2000 walikuwapo wakubwa 17, wa makamo 50 na wachanga 90. Mahali kama hapo wachanga hulelewa chini ya mikono ya binadamu, na elimu ya unyevu, jua na chakula huwa ni sehemu ya kuokoa ukoo mzima. Huko bara nako, kobe bapa anayeishi katika nyufa za miamba alichukuliwa sana kwa biashara ya ng'ambo, hata mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ukampandisha katika orodha yake yenye ulinzi mkali kuliko zote.

Tumeanza na kobe wawili wa Kitanga. Yule wa uani hakuharibiwa na ukatili, bali na mapenzi yasiyo na maarifa. Watu wake walimpa walichokuwa nacho, walifagia uwanja wake, na walimshibisha. Hawakujua kwamba alihitaji rundo la nyasi lenye unyevu kuliko sahani ya maharage. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa kobe methali hii si mfano wa maneno tu: gamba hukunjika likiwa bichi, na likisha kukauka limekwisha.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa nini kobe mmoja aliyeota nundu hawezi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha?

2. Katika jaribio la Vienna, ni mambo gani yaliyobadilishwa, na ni yapi yaliyopaswa kubaki sawa?

3. Eleza kwa nini kobe wa nchi kame huweza kuhitaji hewa yenye unyevu utotoni.

4. Panga jaribio la kulinganisha unyevu wa mahali pawili katika eneo la shule yako. Utapima saa ngapi, mara ngapi, na kwa nini?

5. Mwanafunzi mwenzako ameleta kobe mchanga darasani. Utamshauri nini, na kwa sababu gani za kisayansi na za kisheria?